Kuku Mapajani, Kamera Sandukuni

Kianda, Jumamosi jioni

Nekesa mwanangu,

Salamu tuziruke. Asubuhi tumesalimiana, mchana tumekula sinia moja, na sasa hivi umetoka kwenda Makina kumuaga rafiki yako Zainabu, ukaniachia nyumba imejaa wageni. Nimejificha upande wa kitanda, nyuma ya pazia, nimewaambia natafuta soksi zako. Soksi nimezikalia. Nilichokuwa natafuta ni kalamu.

Kesho unapanda ndege! Niache niandike tena nijifurahishe: kesho mwanangu anapanda ndege. Tangu barua ya chuo cha picha cha Uholanzi ifike nimemwambia kila mtu kule Kawangware kwenye studio yangu, muuza makaa, fundi wa viatu, mama wa mboga, na wale ambao hawakuniuliza nimewaambia mara mbili. Juzi nilimwambia mteja aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho. Alifurahi mpaka picha ikatoka meno yote nje, nikalazimika kumpiga upya.

Unaikumbuka ile ndege ya studio, ile ya ukutani? Aliyeichora alikuwa mchoraji wa vibao vya hoteli, ndege yenyewe hakuwahi kuiona karibu, ndiyo maana bawa moja ni refu kuliko jingine. Watu wamepanda ile ndege miaka kumi na minane bila kutoka Kawangware. Wewe nilikusimamisha pale ukiwa na miaka mitano, mkoba wangu mkononi, viatu vyangu miguuni, ukaniuliza, "Mama, inaondoka saa ngapi?" Nikakwambia inangoja abiria wajae. Haya basi, mama. Wamejaa.

Mambo ya sweta, ya kusali, ya kula vizuri na ya wanaume wa huko nayaacha. Baba yako yuko nje anafunga sanduku lako kwa mpira wa tairi kama anayefunga fahali, na akimaliza atakuhutubia hayo yote. Mchungaji naye atakuja kesho asubuhi aongeze ya kwake. Mimi nina jambo moja tu, na linahusu lile begi lako dogo.

Jana nilikufokea mbele ya watu, na wewe ukaninunia mpaka usiku. Ulikuwa na haki ya kununa. Nilikuta umetoa kamera kwenye begi la mkononi ukaitia sandukuni, katikati ya nguo, ili omena ya Mama Achieng wa nyumba ya pili, dagaa wakavu tele, ipate nafasi. Omena! Ya kumpelekea binamu yake Uholanzi! Nilipokuuliza ukanijibu, "Mathe, nimeifunga na sweta, itakuwa tu poa. Siwezi mwambia Mama Achieng hapana, atajiskia vibaya." Nikapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi. Sikukueleza kwa nini. Nilisema tu, "Toa hiyo kitu huko!" nikakupokonya.

Leo nakueleza. Ni habari ambayo hata baba yako anaijua nusu.

Ulikuwa na miaka sita. Wakati huo Bwana Otieno, yule wa mbao pale Kawangware, alikuwa anamwoza mwanawe mkubwa kule Kisumu, na alitaka mpiga picha wake awe mimi, si mtu mwingine. Kwa kuwa Ijumaa nilikuwa na kazi ya shule moja, akaninunulia tikiti ya ndege, kwenda na kurudi. Mimi, mke wa seremala, mpangaji wa chumba kimoja, nipande ndege! Wiki nzima sikukanyaga chini. Nilishona gauni. Nilinunua sanduku la bati lenye maua. Nilifikiri mtu akisafiri kwa ndege lazima aonekane ana sanduku.

Kwenda kulikwenda vizuri. Kamera nilikuwa nayo shingoni, kwa maringo tu, ili watu waione. Yale maringo ndiyo yaliyoiokoa, si akili. Harusi nayo ilipendeza. Nilipiga filamu nane, na bibi harusi, Akinyi, alikuwa mtu wa kucheka, hukuhitaji kumwambia lolote.

Jumapili nikapanda basi hadi nyumbani Bungoma kumwona mama yangu, Kukhu wako. Sasa nisikilize. Mimi nilikuwa nimeshapiga picha za watu wengi nisiowajua hata majina, lakini mama yangu hakuwahi kukubali nimpige. Kila nilipoinua kamera alisema, "Picha ni ya watu wasio na kazi," akashika jembe. Siku ile, sijui ni kwa sababu nilimwambia nimekuja kwa ndege, sijui ni nini, akaingia ndani akatoka amevaa gauni la kanisa na kitambaa cheupe. Akasimama kando ya ghala. Akaniuliza, "Nicheke au nisicheke?"

Nikamwambia asicheke. Ndivyo nilivyofundishwa kazi: mtu mzima atulie, ageuze kidogo bega, afunge mdomo. Akafunga mdomo. Nikampiga moja, ya pili akakataa, akasema kuku wanaingia kwenye mtama.

Jumatatu asubuhi naondoka, akanipa kuku. Wewe umekulia Nairobi lakini unajua kuku kwetu ni nini. Alikuwa amemchinja na kumkausha juu ya moto tangu usiku, akamfunga kwa majani ya mgomba, akanipa na kibuyu cha maziwa lala kilichozibwa kwa gunzi la mahindi. Akasema, "Kuku wa mama haendi kwenye mzigo kama viazi. Unambeba mkononi hadi kwako." Nikaitikia. Ningesema nini?

Pale uwanja wa ndege Kisumu kijana wa mizigo akanitazama. Nina sanduku, nina begi la kamera na filamu, nina kibuyu, nina kuku. Akasema, "Mama, mkononi ni kitu moja tu. Chagua. Kuku ama hiyo begi."

Nekesa, nilichagua kuku.

Sikufikiri hata kidogo. Niliona uso wa mama yangu, nikaona nikimtia kuku wake sandukuni nitakuwa nimemtupa yeye. Nikafungua sanduku palepale sakafuni, nikatia kamera, nikatia filamu, nikatia na kibuyu juu yake, nikafunga, nikampa. Nikapanda ndege nimempakata kuku mapajani kama mtoto mchanga. Ndege nzima ilinuka moshi. Mzungu mmoja aliyeketi kando yangu alikuwa akimtazama yule kuku kwa huruma, nikamkatia bawa, akala, akalamba vidole. Nilicheka njia nzima. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote hewani.

Nairobi wakanitolea sanduku. Kona moja imebonyea. Maziwa yalikuwa yanachuruzika kwenye bawaba.

Gunzi lilikuwa limechomoka. Filamu za kamera yangu ile hazikuwa kwenye mikebe kama zako, zilikuwa zimezungushiwa karatasi tu, na karatasi ilikuwa imekunywa maziwa yote. Zilikuwa zimegandana kama chapati zilizorundikwa moto. Kamera ilikuwa na filamu ya mwisho ndani, ile ya Kukhu. Lenzi ilikuwa na ufa, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi kabisa. Mwanga ulikuwa umeshaingia na kuiunguza filamu. Niliufunga haraka, Nekesa, kwa mikono miwili, nikausukuma kama anayezuia mlango mtu asitoke. Nilijua ni kazi bure.

Jioni hiyo tukamla kuku. Baba yako alimsifu sana.

Sasa makosa yangu hayakuishia uwanjani, na hili ndilo linaloniuma kukuandikia. Bwana Otieno alipokuja kuuliza picha nikamwambia maabara ya mjini mashine imeharibika. Akaja tena, nikamwambia fundi ameitwa. Mara ya tatu akaja Akinyi mwenyewe. Akaketi kwenye benchi ya wateja, akaniuliza kwa adabu, "Mama Nekesa, niambie tu ukweli. Ziko?" Nikaanza habari ya mashine, midomo ikakataa. Nikamwambia yote, kuku, kibuyu, gunzi.

Akasema, "Hata moja?"

"Hata moja."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeshayastahili. Akatazama ile ndege ya ukutani kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na hiyo kuku, ilikuwa tamu angalau?"

"Tamu sana," nikasema, na nikaangua kilio. Yeye akaangua kicheko. Alipomaliza akasema, "Sikiza. Gauni bado niko nayo. Bwana pia bado niko naye. Tupige tena."

Unaikumbuka ile siku? Ndiyo ile uliyorusha maua barabarani, ukidhani ni harusi ya kweli. Tuliifanya tena kulekule Kawangware, nyuma ya studio, kwa kamera ya kuazima. Wazee wa Kisumu hawakuwepo, kwa hiyo tukajaza. Muuza makaa alioga, akavaa koti la baba yako, akawa mjomba wa bibi harusi. Mama wa mboga akawa shangazi, akalia machozi ya kweli, mpaka leo sijui alikumbuka nini. Keki ilikuwa mkate wa duka tulioupaka sukari. Nenda kwa akina Akinyi leo, uombe albamu: muuza makaa yuko ukurasa wa kwanza, amenyoosha shingo, mjomba kamili! Watoto wao wanamwita mjomba wakipita sokoni, naye anaitika.

Kwa hiyo ungeweza kusema kila kitu kinarekebishika. Nami nilisema hivyo. Nilijiambia Kukhu nitampiga tena Desemba nikienda, na safari hii nitamwacha acheke.

Kukhu hakufika Desemba. Alianguka shambani akipalilia mtama, na tulipofika alikuwa ameshalala. Siku ya mazishi wakataka picha ya kuweka juu ya jeneza. Kila mtu alijua nilimpiga. Mama yako mdogo Rasoa akaniuliza, "Dada, ile picha iko wapi?" Nikamwambia inakuzwa mjini, nataka iwe kubwa. Imekuwa ikikuzwa miaka kumi na minne, Nekesa. Kila Krismasi Rasoa huuliza, nami humwambia bado.

Wewe pia uliwahi kuniuliza, ukiwa darasa la tatu. "Mama, si wewe ni mpiga picha? Mbona hatuna ya Kukhu?" Nikakutuma dukani kununua chumvi. Chumvi ilikuwepo.

Leo asubuhi Rasoa ameshuka kwenye basi la Bungoma. Ulikuwa bado unaoga. Nimefungua mlango, naye huyo, amechoka, anacheka, mkono mmoja kuku aliyefungwa kwa majani ya mgomba, mkono mwingine kibuyu. Kimezibwa kwa gunzi! Akasema, "Hii ni ya Nekesa. Na asitie kwa mzigo, abebe kwa mkono hadi huko kwa Wazungu. Ni vile mama angefanya."

Ningeweza kumpokea, nikakaa kimya, na kesho kule uwanjani ungempakata kuku wako, kwa sababu wewe kukataa hujui, umenirithi mimi. Na kamera yako ingeenda chini. Nikamwambia aketi. Nikamweleza. Nilimweleza nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyeitwa ofisini.

Rasoa alinitazama. "Kwa hivyo haiko," akasema.

"Haiko."

"Miaka yote hii mimi nimeacha nafasi kwa ukuta."

Hakunisamehe kwa maneno, na sikumwomba. Alikaa, akapangusa uso kwa leso, kisha akamweka yule kuku mezani, akaanza kufungua majani mwenyewe. Akasema, "Washa stovu. Huyu kuku haendi kwa ndege. Tunakula sisi sote, Nekesa akiwa hapa."

Ndiyo maana ulipotoka kuoga ulitukuta macho mekundu ukauliza, "Aki mnalia? Ni pilipili ama?" Tukasema ni pilipili. Na ndiyo maana Rasoa alikupa firigisi wewe, mbele ya baba yako, firigisi ambayo kwetu mwanamke huigusa tu akiipikia mwanamume. Baba yako alikohoa, ukadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Rasoa alikuwa anakupa heshima yote ya yule kuku ndani ya tumbo, ili mikono yako ibaki mitupu.

Sasa iache ibaki mitupu kwa kazi yake. Omena nimemrudishia Mama Achieng mwenyewe, leo saa nane. Amenuna kama dakika mbili, kisha akaniuliza nina uhakika Uholanzi hakuna samaki, tukacheka. Unaona? Mtu hafi kwa kuambiwa hapana. Mimi nilijifunza hilo nimechelewa, nawe ulijifunze mapema.

Begi lako nimelipanga mimi. Lenzi nimeitenganisha na kamera, kila moja iko ndani ya kipande cha shali uliyobebewa ukiwa mchanga, usicheke, ni laini kuliko kitu chochote nyumbani humu. Kile kifuko cha kitambaa ni mchele niliokaanga, unanyonya unyevu, usiupike hata ukifa njaa. Filamu tisa nimezitia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na ya kumi iliyo kamerani itaungana nazo jioni hii, ili afisa azione bila kupekua. Ya uwanja wa hapa nitakuwa nimekukumbusha kwa mdomo, lakini huko mbele ukifika kwenye ile mashine ya eksirei, usizipitishe. Mwambie kwa upole azikague kwa mkono. Yule fundi wangu wa kamera wa mjini anasema mashine ya mizigo ya mkononi ikizipiga mara moja huenda zisidhurike, lakini wewe unapita viwanja vitatu, na ubaya hujumlika. Na ile ya masanduku ya chini ndiyo kali zaidi. Wakikukatalia, omba tena. Jifanye mjinga, jifanye mama mzee, jifanye mimi. Na huko ukitoka baridini ukaingia ndani, usiifungue kamera upesi, iache ipate joto ndani ya begi, la sivyo lenzi italia machozi.

Unajua vizuri kuliko mimi zile filamu ni nini. Chuo kilisema uende nazo kama zilivyo, hazijasafishwa, mzisafishe huko wiki ya kwanza, na kwa hizo ndipo watakapoamua nani abaki mwaka mzima na nani arudi. Mitaro ya Gatwekera baada ya mvua, wazee wa Makina baada ya swala, muuza makaa na mizani yake. Duniani kote hakuna mtu aliyeziona, hata wewe. Nakala haipo. Nikifikiria hayo moyo unaruka kama ule wa siku ya tikiti ya Kisumu, ila safari hii ninajua cha kushika.

Bado jambo moja. Jana kabla hatujagombana ulisema filamu ya kumi imebaki picha moja, ya thelathini na sita, na hujui uipige nini. Nimekuwa nikiwaza tangu asubuhi. Kinyozi hajinyoi, na mimi katika picha zote zilizotoka mikononi mwangu simo hata moja. Kila ulipoinua kamera nilikwambia nina kazi. Leo Rasoa alipokuwa akila alinitazama tu, akasema, "Na wewe je? Wewe yako itakuwa inakuzwa wapi?"

Basi nimevaa. Gauni la kanisa, kitambaa cheupe. Jua bado liko juu ya mabati ya upande wa mtaa wa Olympic, nusu saa hivi, na mwanga umekuwa ule wa dhahabu unaoupenda. Nakusikia nje unasalimiana na vijana, "Sasa, niaje," unacheka kwa sauti kubwa kama mtu ambaye hana safari. Nikimaliza mstari huu nitaikunja barua, niifiche chini ya shali, kisha nitoke na kamera nikukabidhi. Sitaki ile ndege ya ukutani nyuma yangu. Nitasimama mlangoni pa kwetu. Sitakuuliza nicheke au nisicheke. Nitacheka.

Kwa hiyo ukisoma hapa uko hewani, na mimi niko nawe, filamu ya kumi, picha ya mwisho. Usikubali wanitie kwenye mashine. Usinipeleke chini na masanduku. Nibebe mkononi, Nekesa, hadi kwako.

Mamako